Kipimo cha mshauri na kipimo cha mshauriwa: kipi kikusaidie kuamua

Chukua ushauri mmoja wa kawaida: "Usiache kazi kabla hujapata nyingine." Aliyeutoa anaondoka ameridhika, maana ameshaona watu walioacha kazi kwa hasira wakajuta. Aliyeupokea anaondoka na kinyongo, kwa sababu hakuuliza aache au asiache. Aliuliza aache lini. Waulize baada ya wiki ushauri ule ulikuwaje. Mmoja atasema ulikuwa wa busara, mwingine atasema hakusikilizwa, na wote wawili watakuwa wakweli, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akipima kitu chake.

Vipimo hivyo viwili vinalinganishwa hapa kwa ajili ya mtu mwenye ushauri mkononi ambaye hajui aufuate au auache, na pia kwa yule anayekaribia kufungua kinywa amshauri mwenzake. Msimamo wetu ni huu: kipimo cha mtoaji kinaaminika zaidi kwenye swali la jambo lenyewe huendaje, cha mpokeaji kinaaminika zaidi kwenye swali la kama jambo hilo litawezekana kwake, na kwenye kujiamini, wingi wa maneno na matokeo, vyote viwili hupotosha, hivyo panahitajika kipimo cha tatu.

| Kinachopimwa | Mtoaji hutazama | Mpokeaji hutazama | Umwamini nani |
|---|---|---|---|
| Usahihi | Uzoefu wake | Sifa na sauti ya mshauri | Mtoaji, kama aliwahi kuona matokeo ya ushauri wake |
| Kufaa | Tatizo kama alivyoelezwa | Muda, pesa, nguvu, watu anaoishi nao | Mpokeaji |
| Heshima | Nia yake | Maneno na wakati yaliposemwa | Mpokeaji, ila hili si usahihi |
| Uhakika | Anavyojisikia | Anavyosikika | Hakuna. Omba namba |
| Wingi | Juhudi aliyoweka | Mambo mangapi ameambiwa | Hakuna. Omba moja |
| Matokeo | Yakiwa mazuri ni ushauri, yakiwa mabaya ni utekelezaji | Yakiwa mazuri ni juhudi zake, yakiwa mabaya ni ushauri | Hakuna. Angalia kilichojulikana siku ile |

Mtoaji hupima alichokiweka

Mshauri anapojitathmini huhesabu alichotoa: miaka aliyoifanya kazi hiyo, muda aliokaa na wewe, nia njema aliyokuwa nayo. Vyote hivyo vinaweza kuwa vya kweli, ila mpokeaji havioni. Na kuna kitu ambacho mshauri mwenyewe hakioni, nacho ni yale aliyoyaruka kwa kuwa kwake ni dhahiri.

Mwaka 1990, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Elizabeth Newton aliwapa watu kazi ya kugonga mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana sana, wenzao wasikilize na kuzitaja. Wagongaji walikisia kwamba nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120 zilizogongwa, zilitambuliwa 3. Mgongaji alikuwa akiusikia wimbo mzima kichwani; msikilizaji alipata ko-ko-ko ya meza. Mshauri anayesema "panga bajeti" au "ongea naye kwa utulivu" yuko kwenye hali hiyohiyo. Yeye anajua aanzie wapi, aseme nini kwanza na anyamaze wapi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichokitamka.

Kujua kama ushauri umefika huchukua dakika moja. Mpokeaji aseme kwa maneno yake atafanya nini kwanza, lini, kwa kutumia nini, na ataona dalili gani mambo yakianza kwenda kombo. Akikwama kwenye "kwanza", mshauri ametoa lengo akidhani ametoa njia. Akikwama kwenye "dalili", kosa ni ghali zaidi, kwa sababu ataendelea kusukuma jambo lililokwisha kushindikana, hakuna aliyemwambia asimame wapi.

Pamoja na hayo, mtoaji ana faida ambayo mpokeaji hana: yuko nje ya jambo. Igor Grossmann na Ethan Kross walionyesha mwaka 2014 kwamba watu hufikiri kwa busara zaidi kuhusu tatizo la mwenzao kuliko la kwao. Huwa wepesi kukubali kwamba hawajui kila kitu, na huufikiria pia upande wa yule mwingine. Tofauti hiyo ilitoweka pale mtu alipoambiwa alitazame tatizo lake kana kwamba ni la mtu mwingine. Kwa hiyo usiku ukiwa huna wa kumwuliza, andika tatizo lako ukitumia jina lako na "yeye" badala ya "mimi", kisha ujibu kama unayemshauri. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini inasaidia.

Kukaa nje kuna gharama yake. Laura Kray na Richard Gonzalez walieleza mwaka 1999 kwamba mtu anapomshauri mwenzake hukipa uzito mkubwa kile kigezo kimoja kinachoonekana cha maana kuliko vyote, kuliko ambavyo angekipa akijichagulia mwenyewe. Ndiyo sababu ushauri wa nje huwa mnyoofu mno: chukua kazi yenye mustakabali, basi. Saa mbili za njiani kila siku, mzazi anayeugua, bosi mpya mwenye maneno makali, yote hayo kwake ni mambo madogo. Mpokeaji hujibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mara nyingi ana haki. Ila wapo pia wanaohesabu kunguni kwa bidii ili wapate sababu ya kutohama. Kuwatenganisha, uliza hivi: "Hayo madogo yakiondolewa yote, utafanya nilivyokushauri?" Anayesema ndiyo ana vikwazo vya kweli vinavyohitaji kutatuliwa kimoja kimoja. Anayeanza kutaja vikwazo vipya hataki jambo hilo, na ni afadhali kulisema wazi.

Mpokeaji hupima alichoweza kubeba

Waliochunguza mazungumzo ya ushauri, akina Erina MacGeorge na Bo Feng, wameonyesha kwamba mpokeaji huupima ushauri kwa maswali yasiyobadilika sana: utafanya kazi? Naweza kuutekeleza? Utaniletea madhara gani mengine? Na zaidi ya hayo, ameniambia kwa namna gani? Feng alionyesha mwaka 2009 kwamba mpangilio wa mazungumzo una uzito wake. Ushauri uliokuja baada ya maneno ya kumfariji mtu na kuuliza kuhusu tatizo ulipokelewa vizuri kuliko uliotangulia hayo.

Mtoaji mwenye haraka huliona hili kama kubembelezana. Si hivyo tu. Hatua ya katikati, ya kuuliza, ndiyo inayomletea taarifa ambazo bila hizo anashauri hewani. Maswali matatu hutosha kwa mambo mengi: umeshajaribu nini, nini kilitokea ulipojaribu, na kipi huwezi kukigusa hata iweje. Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linalookoa muda, kwa sababu robo saa ya kumshauri mtu ahame nyumba ni bure kama nyumba hiyo ndiyo kitu asichoweza kukigusa.

Hata hivyo mpokeaji asijidanganye. Ushauri uliotolewa kwa upole si lazima uwe sahihi, na uliotolewa kwa ukali si lazima uwe mbovu. Heshima inapima kama utaweza kuusikia. Njia rahisi ya kutenganisha viwili hivyo ni kuuandika ushauri kwenye karatasi kwa sentensi moja kavu, bila jina la aliyeutoa wala sauti yake, kisha uusome kesho yake. Ukikuchoma hata kwenye karatasi, yawezekana umegusa ukweli. Ukionekana mtupu baada ya kuvuliwa upole, ulikuwa faraja, na faraja ina kazi yake.

Sasa wingi. Mwaka 2022 David Levari, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti uliohusu mchezo wa kupanga herufi ziwe maneno. Wachezaji waliandika ushauri kwa ajili ya wengine. Watu walidhani ushauri wa waliocheza vizuri zaidi ungewasaidia zaidi, na waliousoma waliuona hivyo. Kwenye alama walizopata, haukuwa bora. Kilichoutofautisha ni kwamba ulikuwa mwingi: wachezaji hodari walitaja mambo mengi zaidi, na wasomaji wakauchukulia wingi huo kama ubora.

Hapa mtoaji na mpokeaji wanadanganyana bila mmoja wao kukusudia. Mtoaji anaona orodha ya mambo kumi na mawili ni ukarimu. Mpokeaji anaona kumi na mawili ni thamani. Halafu hakuna anayefanya hata mawili, kwa sababu mtu aliye kwenye mchezo, mtihani au mgogoro hana nafasi kichwani ya orodha. Dawa ni swali moja: "Ningeweza kufanya moja tu kati ya haya, ungeniambia lipi?" Anayelijua jambo hujibu upesi, na mara nyingi hilo moja ni dogo kuliko ulivyotarajia. Asiyelijua hukwambia yote ni muhimu.

Kujiamini: hapa wote wawili hupotea

Mtoaji akijisikia na uhakika, anaona ushauri wake ni bora. Mpokeaji akimsikia mtu anayesema bila kusitasita, naye anaona hivyohivyo. Kwa mara moja nadra hii wanakubaliana, na makubaliano hayo ndiyo hatari yenyewe, kwa kuwa sauti thabiti na jibu sahihi ni vitu viwili.

Kuna hesabu ya kuvitenganisha. Ilitolewa mwaka 1950 na Glenn Brier kwa ajili ya kupima watabiri wa hali ya hewa, na inafaa kwa mshauri yeyote anayezungumzia mambo yatakayotokea au yasiyotokea. Mwombe mshauri akupe asilimia. Jambo likitokea, liandike 1. Lisipotokea, liandike 0. Toa asilimia yake (80% ni 0.8) kutoka kwenye 1 au 0, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha tafuta wastani wa majibu yote. Kadiri wastani unavyokaribia 0 ndivyo mshauri alivyo bora.

Wachukue washauri wanne waliotabiri mambo matano yaleyale, manne yakatokea na moja halikutokea. Wa kwanza alisema "hakika kabisa" mara zote tano: alikosa moja, wastani wake ni 0.20. Wa pili alisema 80% mara zote: manne yanampa 0.04 kila moja, lile moja linampa 0.64, jumla 0.80, wastani 0.16. Wa tatu alisema "nusu kwa nusu" kila mara: 0.25. Wa nne alisema 90% kwa yale manne na 40% kwa lile lililokataa: 0.01 mara nne, na 0.16, jumla 0.20, wastani 0.04.

Kwa masikio, wa kwanza ndiye mshindi na wa nne ni mtu wa "inategemea". Kwa hesabu wa nne amewaacha wote mbali, kwa sababu alijua asitie uhakika wapi. Wa kwanza amezidiwa hata na yule wa pili aliyerudia namba moja tu.

Yapo makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuhukumu kwa mambo matano kama ya mfano huu. Bahati ina nafasi kubwa mno hapo. Subiri yafike ishirini hivi kabla hujaanza kuamini tofauti ndogo. La pili ni kuwalinganisha washauri waliotabiri mambo tofauti, mmoja akiwa na maswali mepesi na mwingine magumu. Na kama mshauri hapendi asilimia, muulize: "Watu kumi walio katika hali kama yangu wakifanya hivi, wangapi watafanikiwa?" Aliyesema "bila shaka" huenda akasema saba.

Sasa tuurudie ule ushauri wa kuacha kazi, tuuandike upya ukiwa na sharti, njia na kiwango cha uhakika:

"Kama akiba yako haitoshi matumizi ya miezi mitatu, usiache mpaka utie saini mkataba mwingine. Ikitosha, unaweza kuacha, ila toa notisi kama mkataba wako unavyotaka, na uombe barua ya kuthibitisha utumishi wako kabla ya siku ya mwisho. La notisi na barua nina uhakika nalo. La miezi mitatu ni kisio. Kama kuna watu wanaokutegemea, hesabu sita."

Tofauti si urefu. Toleo la kwanza halikuwa na sharti, kwa hiyo mpokeaji hakuweza kujua kama linamhusu. Hili lina "kama", na "kama" hiyo inampa mpokeaji kazi anayoiweza peke yake, yaani kuhesabu akiba yake. Linatenganisha linalojulikana na linalokisiwa, na linasema ni kitu gani kingebadilisha ushauri. Pia linajibu swali aliloulizwa, la lini. Mtoaji hajapoteza chochote cha uzoefu wake. Ameuweka mahali ambapo mwenzake anaweza kuushika.

Ushauri wa namba

Ushauri ukiwa ni namba (kazi itachukua siku ngapi, watakuja watu wangapi, inahitajika mifuko mingapi), kazi ya kupima ni nyepesi na watu wengi huifanya vibaya. Ilan Yaniv na Eli Kleinberger walionyesha mwaka 2000 kwamba mtu akipewa kisio la mwenzake hulisogelea kidogo tu na kubaki karibu na lake. Sababu waliyoitoa inaeleweka: hoja zako unazo kichwani, za mwenzako huzioni.

Unaweza kujipima. Kisio lako la kwanza ni siku 10, la mshauri ni 20, na baada ya kumsikia umesema 13. Umesogea 3 kati ya 10, yaani 0.3. Ungekata katikati ungesema 15. Ikiwa kazi ilichukua siku 14, wewe wa mwanzo ulikosea kwa 4, mshauri kwa 6, na katikati kwa 1. Hiyo ni hali ambapo ukweli uko kati yenu. Ukweli ukiwa nje, tuseme siku 24, wewe ulikosea kwa 14, mshauri kwa 4, na katikati kwa 9, ambayo ni wastani kamili wa makosa yenu. Yaani kukata katikati hakuwezi kukupa kosa kubwa kuliko wastani wa makosa yenu wawili, na mara nyingine kunakupa dogo kuliko la kila mmoja.

Usikate katikati pale mshauri alipoona kitu ambacho wewe hukukiona, kwa mfano amekagua eneo la kazi na wewe umeona picha. Mfuate yeye. Wala usihesabu washauri wawili kama wawili ikiwa walishazungumza kabla ya kukujibu au wamenukuu chanzo kilekile. Hao ni mmoja. Ndiyo maana namba huulizwa kwa kila mtu peke yake, kabla hujataja yako.

Maslahi na matokeo

Wengi huamini kwamba mshauri akishatangaza maslahi yake, mambo yamekuwa safi. Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore walijaribu hili mwaka 2005 kwa sarafu zilizojazwa kwenye chupa. Mshauri aliiona chupa kwa karibu, mkisiaji wa thamani ya sarafu hizo kwa mbali, na baadhi ya washauri walilipwa zaidi mkisiaji akikisia juu. Maslahi yalipotangazwa, washauri waliongeza chumvi zaidi. Wakisiaji walipunguza, lakini si kwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo tangazo peke yake lisikutulize. Tafuta mtu wa pili asiyepata chochote, ufuate au usifuate. Na maslahi si kamisheni pekee: ndugu asiyetaka uhamie mbali anayo, na mtu aliyechagua njia hiyohiyo miaka kumi iliyopita anayo pia, maana akikushauri vinginevyo atakuwa anajihukumu.

Matokeo nayo ni kipimo kinachopendwa na kisichofaa kwa tukio moja. Jonathan Baron na John Hershey, mwaka 1988, waliwapa watu visa vya maamuzi, vikiwemo vya upasuaji, wakabadilisha mwisho tu. Uamuzi uleule ulihukumiwa kuwa bora mambo yalipoisha vizuri, na mbaya yalipoisha vibaya, ingawa aliyeamua alijua mambo yaleyale. Ushauri wenye nafasi ya 90% hushindwa mara moja katika kila kumi, na siku hiyo ya kushindwa hakuna anayetaka kusikia hesabu.

Kinga ni kuandika siku ya ushauri, kabla ya kutenda: maneno ya ushauri, sababu yake, asilimia, na tarehe ya kuangalia. Mistari minne inatosha. Tarehe ikifika, soma kwanza mistari, kisha ndipo utazame kilichotokea. Ukifanya kinyume chake, kumbukumbu itajirekebisha ifanane na matokeo, na utaapa kwamba ulijua tangu mwanzo.

Uchague kipi, wakati gani

Kwa hatua za ufundi, kama kurekebisha kifaa au kusanidi programu, tumia kipimo cha mtoaji, lakini kwa ukali: je, alifanya hivyo kwenye toleo hilohilo, na hatua ya kwanza inaweza kurudishwa nyuma? Ukarimu wa lugha hauna uzito hapa. Ushauri mwingi wa ufundi huharibika si kwa kuwa ulikuwa wa uongo, bali kwa kuwa ulikuwa wa toleo jingine.

Kwa majonzi na ugomvi wa watu wa karibu, kipimo cha mpokeaji kitangulie. Mara nyingi hata ushauri hautakiwi bado. Uliza: "Tutafute njia, au nikusikilize kwanza?"

Kwa maamuzi makubwa yasiyorudi nyuma, ya afya hasa, pana utaratibu mzuri wa kuiga. Miongozo mingi ya tiba hutumia mfumo uitwao GRADE, ambao unakataa kuchanganya maswali mawili. Kwanza unapima ushahidi kwa ngazi nne: juu, wastani, chini, chini sana. Ushahidi wa majaribio yaliyogawa wagonjwa kwa bahati nasibu huanzia ngazi ya juu. Wa kutazama tu huanzia chini, kisha hupandishwa au kushushwa kwa sababu zinazotajwa. Halafu, kando kabisa, unapima nguvu ya pendekezo: ni thabiti, au ni la masharti. Thabiti maana yake karibu kila mtu mwenye taarifa kamili angelichagua. La masharti maana yake wengi wangelichagua, lakini idadi ya kutosha wangelikataa kwa sababu zao halali, wakiwa na taarifa zilezile.

Huo ndio mpaka tunaoutafuta. Daktari akikuambia kwamba pendekezo ni la masharti, amekukabidhi kipimo: thamani unayoipa siku zako, maumivu unayoyavumilia, madhara unayoyaogopa. Likiwa thabiti, na bado unataka kukataa, mzigo wa kutoa sababu umehamia kwako. Unaweza kuuliza swali hilihili kwa mshauri yeyote asiyewahi kusikia habari za GRADE: "Watu wenye akili timamu, wanaojua unayoyajua, wanaweza kukataa ushauri huu?" Akisema ndiyo, muulize wanakataa kwa sababu gani, uone kama sababu hizo ni zako.

Ukishaamua kutofuata, usimkimbie aliyekushauri. Kwake kimya kina maana moja tu: amepuuzwa. Kwa wengi wetu tuliolelewa kwa "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", hilo huwa kinyongo kirefu. Mjulishe mapema, kabla hajasikia kwa wengine, na ujumbe uwe na vitu viwili: sehemu uliyoitumia, na taarifa iliyokufanya uiache nyingine. "Ile ya barua nimeifuata. Ya kusubiri mkataba sikuiweza, kwa sababu idara yetu inafungwa mwezi ujao." Mshauri akipokea ujumbe kama huo asijitetee wala asisubiri mwenzake akosee ili amwambie "nilisema". Aangalie sharti aliloliweka. Kama halikuwepo kwenye hali ya mwenzake, ushauri wake haukukataliwa, haukumhusu. Na kama lilikuwepo, aulize tena lile swali la kitu kisichoweza kuguswa, maana huenda hakuliuliza mara ya kwanza.